Mtoto Husikia Kiimbo Kabla ya Neno

Mbukwenyi! Asanteni. Waliokuja mwaka jana watanivumilia, maana narudi palepale: tuache kuwanyamazisha bibi zetu wodini wanapowasemesha wajukuu wachanga kwa lugha ya nyumbani.

Leo naanza na ukuta. Umepanga chumba Chang'ombe, usiku, na chumba cha pili majirani wanazungumza. Neno hata moja hulipati. Lakini unajua mwanamke anauliza, mwanamume anajibu kwa mkato, sasa wanapatana. Umejuaje? Kwa sauti inavyopanda na kushuka. Mtoto aliye tumboni, miezi mitatu ya mwisho, ndiye mpangaji wa chumba hicho. Mwili wa mama huzima sauti nyembamba, zile zinazotenganisha s na f. Nene hupita: mdundo na kiimbo.

Sasa wodi. Hospitali siitaji. Bibi amempakata mjukuu wa siku mbili, analia. Akamsogeza shavuni, akaanza kumsemesha Kigogo polepole, na mtoto akatulia, kinywa wazi, kama anayetega sikio. Muuguzi akapita: "Bibi, Kiswahili tu, mtamchanganya huyo." Bibi akanyamaza. Akamfunika vizuri kwa kanga, akamrudisha kwa mama yake. Kilio kikaanza upya. Mimba ile yote binti aliilea nyumbani kwa mama yake! Sauti ile mtoto aliijua kabla hajaona taa ya wodi, nasi tukamwambia mwenye sauti anyamaze. Nimelisimulia hili Kondoa, nimelisimulia Manyoni, na nitalisimulia tena.

Mtaniuliza ushahidi. Mwaka 2009 mtafiti Kathleen Wermke na wenzake walichunguza vilio vya vichanga 60 wa siku mbili hadi tano, nusu Wafaransa, nusu Wajerumani. Vilio vya Wafaransa vilielekea kupanda, vya Wajerumani kushuka, kama lugha za mama zao zinavyokwenda. Kilio, jamani, hata neno hajatamka!

"Hayo ya Wazungu." Haya, twende Kameruni. Kundi hilohilo la utafiti lilikwenda kwa watu waitwao Wanso, ambao kwao toni, yaani sauti ya silabi kuwa juu au chini, hubadili maana ya neno. Vilio vya vichanga wao vilipanda na kushuka zaidi kuliko vya Wajerumani. Nasi hapa tuna Kinyaturu, tuna Kirangi, tuna Kisandawe kule Chemba, lugha za toni zote. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo. Mtoto wa mama Msandawe anayesema na Kiswahili anapokea mipando ya aina mbili tangu tumboni. Nani amewahi kumpima huyo? Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, mlioko hapa, swali hilo ni lenu.

Na hilo la kuchanganya. Barcelona, Uhispania, mwaka 2024, watafiti walitoa matokeo ya vichanga 131 wa siku moja hadi tatu. Unambandika mtoto vinasa umeme wa ubongo kichwani akiwa usingizini, unampigia silabi sikioni, unatazama jinsi mawimbi ya ubongo yanavyofuata wimbi la sauti. Waliokaa tumboni mwa mama wa lugha moja walikifuata kiimbo cha silabi ile kwa usahihi zaidi. Wa lugha mbili masikio yao yalikuwa wazi kwa viimbo vya upana mkubwa zaidi. Huko si kuchanganyikiwa. Ubongo umejipanga kwa kazi uliyoikuta: mwenye lugha moja amekaza sikio mahali pamoja, mwenye mbili amelitandaza. Mama wa Singida na Dodoma wanaosema lugha mbili wasitishwe na mtu.

Nilitaka kusema juu ya watoto njiti, waliopoteza wiki za kusikia tumboni, lakini naonyeshwa saa. Basi moja tu. Kichanga asiyeshtuka mlango ukibamizwa apelekwe akapimwe masikio sasa, asingojewe afike miaka miwili ndipo tuulize kwa nini hasemi.

Yule mama mwenye mtoto mgongoni, pale nyuma, amenyoosha mkono tangu nianze. Mpeni kipaza sauti kwanza.