Utepe wa Karatasi Ungali Ndani ya Mashine

Walimu, mafundi wenzangu, na nyie wanafunzi mliojaa mpaka mlangoni, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie lugha za mashine za CNC, yaani mashine za kukata chuma zinazoongozwa na kompyuta, na utunzaji wa faili zake. Naomba nianze na nukta, ile ya desimali.

Mashine yenye kidhibiti (kompyuta inayoiongoza) cha kampuni ya Fanuc, ikiwa katika vipimo vya milimita, ukiiandikia X10 na nukta mwishoni, inaelewa milimita kumi. Ukiisahau ile nukta, kwa mpangilio wa kawaida inaelewa mikroni kumi, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Haitakuuliza. Haitakuonyesha alama nyekundu. Kwake yeye umesema na amesikia.

Karakana moja niliyofanyia kazi ujanani tulikuwa na programu ya kutoboa flenji. Baada ya tundu la kwanza, keekee ilitakiwa kupanda milimita 50, iruke kibano, iende tundu la pili. Aliyeandika aliweka G00 Z50, yaani panda kwa kasi yote hadi 50, bila nukta. Mikroni hamsini hizo, hazifiki hata unene wa unywele. Fundi wa zamu ya asubuhi, mzee mmoja makini sana, aliiendesha mstari kwa mstari, akaliona kosa, akatia nukta palepale kwenye vitufe vya mashine. Kazi ikatoka safi, mteja akachukua mzigo wake.

Lakini faili la kompyuta ya ofisini halikuambiwa. Miezi miwili baadaye kumbukumbu ya mashine ilijaa, programu ikafutwa kupisha nyingine, kisha oda ya flenji ikarudi. Kijana wa zamu ya usiku akalichukua faili la ofisini, akalipakia, akabonyeza kitufe cha kuanzia bila wasiwasi, maana programu hii si ilishafanya kazi? Keekee ikatoboa tundu la kwanza vizuri, ikanyanyuka kidogo isivyoonekana kwa macho, ikaenda kwa kasi yake yote na kukigonga kibano. Kijana huyo ni mimi. (Kicheko.) Mnacheka sasa, spindo ile, mhimili unaozungusha keekee, ililia mpaka ilipobadilishwa beringi.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa lilikuwa la nukta. Siku hizi nasema kosa lilikuwa la faili: programu moja ilikuwa na nakala mbili, na aliyejua tofauti yake alikuwa amelala nyumbani kwake.

Kwa nini lugha hii ni ya ajabu hivi? Imezaliwa kwenye karatasi. Mwaka 1949 John Parsons wa Michigan, Marekani, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, alipata mkataba wa jeshi la anga wa kujenga mashine inayoongozwa kwa namba. Maabara ya chuo cha teknolojia cha MIT, hukohuko Marekani, ikaingia kwenye kazi hiyo, na mwaka 1952 wakaonyesha mashine ya kuchonga ikifuata utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Miaka saba baadaye MIT haohao walitangaza lugha yao ya APT, kazi iliyoongozwa na Douglas Ross, na waandishi wa habari wakapewa visahani vya majivu ya sigara vya alumini vilivyochongwa kwa lugha hiyo. Nyakati hizo sigara haikuwa aibu.

APT ilikuwa lugha ya kueleza umbo, na kompyuta ndiyo iliyofanya hesabu za njia. Mashine yenyewe iliendelea kupewa mistari mifupi ya herufi na namba, hiyo tunayoita G-kodi. Mpaka leo mnapochora kwenye kompyuta, kuna programu ya katikati inayogeuza mchoro wenu kuwa mistari hiyohiyo.

Utepe ule bado umo kwenye faili zenu. Alama ya asilimia mnayoiona mwanzo na mwisho wa faili ndiyo iliyokiambia kifaa cha kusoma utepe kiache kuurudisha nyuma. Mnapounganisha mashine ya zamani kwa kebo mnaambiwa mchague biti saba na jumla shufwa. Kwenye utepe wa ISO, shirika la viwango la kimataifa, kila safu ilikuwa na idadi shufwa ya matundu, ili tundu likizibwa na grisi mashine igutuke na kusimama. Na kumbukumbu yenyewe! Vidhibiti vya zamani vya Fanuc viliuzwa kwa mita. Mita 80 za utepe, herufi kumi kila inchi, ni kama herufi 31,500. Picha moja ya simu yako ya megabaiti tatu ni karibu mara mia ya hapo. Ndiyo maana programu zilikuwa zikifutwa kila mara, na ndiyo maana jina la faili lilikuwa herufi O na tarakimu nne tu. Ukikuta O9000 na kuendelea, usiguse: mara nyingi hapo mtengenezaji wa mashine ameficha programu zake, kama ile ya kubadilisha vikatio.

Msidhani faili la mashine moja ni faili la mashine zote. Kiwango cha ISO 6983 kipo tangu 1982, lakini kila kampuni ina lahaja yake. Kwenye mashine ya kukereza ya Fanuc, G71 ni mzunguko wa kupunguza chuma kwa wingi. Kwa Siemens, watengenezaji wengine wa vidhibiti, G71 ni amri ya kupima kwa mfumo wa metriki. Heidenhain, nao watengenezaji wa vidhibiti, wana lugha yao, na mimi wananifurahisha kwa jambo moja: mstari wa kwanza wa programu unataja jina lake na kipimo chake, MM, kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa Fanuc mnaweza kujitengenezea heshima hiyo kwa mabano. Andikeni O1205 (FLENJI 4471 TOLEO C), na kidhibiti kitaonyesha maneno hayo kwenye orodha. Tumieni Kiswahili. Hakina herufi za vitone wala mikia, kwa hiyo hata skrini ya zamani inakisoma chote. (GEUZA KIPANDE) inaeleweka saa nane za usiku kuliko chochote.

Na ukibadilisha kitu mashineni, hata nukta moja, programu irudi kwenye kompyuta kabla hujavua ovaroli, toleo lipande herufi moja, lile la zamani lihamishiwe folda ambayo mashine haiifikii. Faili linaloitwa MWISHO KABISA MPYA 2 nikilikuta kwenye flashi ya mtu, nalifuta na mwenyewe akiwa amesimama.

Mashine ile pale nyuma imewashwa, jiliwa liko tupu, hakuna kitakachogongwa. Ndani yake nimeweka O0101 na O0102. Zinalingana kila mstari, ila moja nimeing'oa nukta. Anayetaka kuitafuta anifuate, na asije na simu mkononi.