Anayesafirishwa si figo, ni mtu

Haya jamani, tuanzie kwa boksi la barafu, maana watu wengi wakisikia biashara ya viungo vya mwili wanawaza boksi linapita eapoti na figo ndani. Figo ikishatoka mwilini haikai, ni masaa tu, ndo maana mara nyingi anayesafirishwa ni mtu mwenye figo zake mbili, kapewa pasi, tiketi, na hadithi ya kumwambia daktari kwamba mgonjwa ni binamu yake.

Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2000, inamwangalia huyo mtu. Ukimsafirisha kwa udanganyifu au kwa kutumia shida zake ili atolewe kiungo, umefanya biashara haramu ya binadamu, hata kama alikubali, na hata kama hakupasuliwa. Seneta Ike Ekweremadu wa Nigeria alihukumiwa London mwaka 2023 kwa kumleta kijana atolewe figo apewe binti yake, figo haikutolewa, madaktari walikataa, na bado alikula miaka 9 na miezi 8 kwa sheria ya Uingereza ya utumwa wa kisasa.

Sasa tuseme mtu kaja mwenyewe, hakudanganywa, kauza, kalipwa. Hapo Palermo haina pa kushika vizuri na madalali wanalijua hilo. Baraza la Ulaya likaleta mkataba wake, ukasainiwa Santiago de Compostela, Hispania, Machi 2015, ukaanza kazi Machi 2018, na hata nchi za nje ya Ulaya zinaweza kujiunga. Huu unashika kiungo chenyewe: kukitoa bila ridhaa ni kosa, kukitoa kwa malipo ni kosa, na anayekipandikiza akijua kilikotoka naye yumo. Mi naona nguvu iko hapo kwa daktari, maana masikini wa kuuza figo dalali anampata popote ila mpasuaji wa figo haokotwi mtaani.

Ila muuzaji je? Mkataba umeiachia kila nchi iamue kumshtaki au kumwacha, na mimi hilo silipendi hata kidogo. Figo imeshaenda, pesa aliyoahidiwa mara nyingi hakupewa yote, halafu ajipeleke polisi mwenyewe akafungwe? Haendi, na asipoenda kesi haina shahidi.

Israeli walipita njia nyingine, sheria yao ya 2008 ilikataza bima kulipia upandikizaji wa nje ya nchi kama kiungo kimenunuliwa, na hizo safari zikapungua sana.