Kabla ya Akili Mnemba, Twende Thika

Ndugu mwenyekiti, wakurugenzi na mameneja mliofika, habari za asubuhi.

Ratiba inasema niwafundishe akili mnemba. Tutafika huko. Kwanza twende Thika, Kenya, Oktoba 2005.

Wakati huo Vodafone na Safaricom walikuwa wanajaribu huduma ndogo ya simu. Mkopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, apokee mkopo na kulipa marejesho kwa simu, basi. Wateja wa majaribio hawakuzidi 500, mawakala wanane.

Wateja wakalipa marejesho, ndiyo, ila wakazua na yao. Huyu anamlipia mwenzake rejesho kwa simu. Yule anaweka mauzo yake kwa wakala kabla ya safari, anayatoa afikako, maana njiani kuna vibaka. Wengine wakawanunulia ndugu wa kijijini muda wa maongezi. Faulu nao hesabu za simu zikawa hazioani na mfumo wao. Tena fikirini: mkopo wa kikundi dhamana yake ni kuonana uso kwa uso. Anayelipa kwa simu atakwenda kikaoni kufanya nini?

Mameneja ninaowajua mimi wangesema wateja hawajaelimika, iitishwe semina. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, pamoja na wenzao wa Safaricom, walikitazama kile ambacho hakikuwamo kwenye mpango, wakaona biashara iko pale. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando. Kilichotangazwa ni kutuma pesa nyumbani.

Hilo hatulifundishi. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa siku tatu kwenye hoteli ya ufukweni nikisomeshwa mageuzi ya kidijitali. Nikarudi na cheti, mkoba na namba za simu za wakurugenzi wenzangu. Mteja sikumwona hata mmoja. Samaki walikuwa watamu, nisiseme uongo.

Haya, akili mnemba. Mwezi ujao muuzaji atawaletea programu ya kujibu wateja, na siku ya maonyesho itajibu vizuri mno. Mwacheni amalize, kisha mwulizeni: maswali yatakayoishinda yatahifadhiwa wapi? Halafu jiulizeni nyinyi, nani ofisini atayasoma kila Ijumaa, na ana ruhusa ya kuingia kwa mkurugenzi bila miadi? Kama mtu huyo hayupo, msisaini.

Fundi, zima projekta. Kuna bahasha mlangoni, kila moja ina shilingi elfu ishirini. Chukueni, mtoke, kila mtu atafute wakala asiyemjua, aweke na kutoa. Mwulizeni floti, yaani fedha zake za kuhudumia wateja, humwishia saa ngapi, na ikiisha anamkimbilia nani. Tukutane saa nane. Atakayerudi na meseji ya muamala peke yake, bila maneno ya wakala, nitamrudisha juani.