Polisi Maji Hayumo

SALIM: Riziki, mwenzio nimefiwa wiki hii.

RIZIKI: Innalillahi! Na nani tena?

SALIM: Polisi Maji.

RIZIKI: (anacheka) Salim, wacha kukufuru.

SALIM: Sikiza. Jumamosi nimekaa na mpwa wangu, tukaweka Terminator 2. Sinema ya 1991 ile, naijua tangu banda la video kule Kisauni, tumebanana bencini. Lakini naijua kwa sauti ya msimuliaji wa banda, aliyetufasiria kwa Kiswahili na kumbatiza Polisi Maji yule roboti wa metali ya majimaji mwenye sare ya polisi. Juzi ndiyo mara ya kwanza kuiona bila yeye. Namwambia kijana, ngoja, sasa hivi Polisi Maji anadai kodi. Akanitazama. "Mjomba, hakuna mtu anayedaiwa kodi humu."

RIZIKI: Kwani alikuwa anadai kodi?

SALIM: Ya miezi minane! Ndiyo maana anamfukuza yule mtoto. Katumwa na mwenye nyumba.

RIZIKI: Na ile habari ya kutumwa kutoka wakati ujao?

SALIM: "Huyu ametoka kesho kutwa, ndiyo maana ana haraka." Basi. Banda zima lilielewa.

RIZIKI: Tuliwaahidi wasikilizaji mambo matatu ya kumfanya mtoto apende hadithi za kisayansi…

SALIM: Yaja. La kwanza ni Polisi Maji.

RIZIKI: Hapo nakukatalia. Wewe ulipenda mdomo wa yule bwana. Angesimulia mechi ya Bandari ungekwenda vilevile.

SALIM: Na bila mdomo wake ningekaa saa mbili na ushei nawatazama watu wakigombana kwa Kiingereza? Yeye ndiye aliyeniingiza.

RIZIKI: Kakuingiza wapi? Pale Polisi Maji anapogandishwa, alisemaje?

SALIM: Lori la barafu ya samaki limepinduka.

RIZIKI: Unaona! Ile ni naitrojeni ya maji, gesi iliyopozwa mpaka ikawa majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Utamu wenyewe ndio huo, naye kaumwagia barafu ya samaki. Mimi niliiona kidato cha pili, na wiki hiyohiyo mwalimu wa kemia akatuonyesha zebaki kichupani. Metali inayotiririka, wallahi! Nikamuuliza, huganda lini? Akasema nyuzi 39 chini ya sifuri. Usiku sikulala, nawaza mtu wa zebaki angesimamaje wima kwa joto hili la Mombasa.

SALIM: Angeingia friza ya samaki. Si ndivyo alivyosema?

RIZIKI: Friza ni nyuzi 18 tu chini ya sifuri! Haitoshi!

SALIM: Haya, na kitabu chako kile?

RIZIKI: Walenisi, cha Katama Mkangi, 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo, chombo kinapaa naye mpaka ulimwengu mwingine.

SALIM: Mna naitrojeni humo?

RIZIKI: Hamna.

SALIM: Zebaki?

RIZIKI: Hamna, lakini…

SALIM: Mna nini basi?

RIZIKI: Mna watu wanaoishi bila kunyonyana.

SALIM: Kodi ya nyumba hiyo, Riziki! Kakushika kwa dhuluma unayoijua, sawa na mimi.

RIZIKI: Si sawa hata kidogo. Mkangi alijua anachofanya. Bwana wako Kiingereza chenyewe hakukijua.

SALIM: Nani kakwambia? Alikijua, akatuhurumia.

RIZIKI: Basi mbaya zaidi. Alijua, akawadanganya.

SALIM: Akatuhurumia.

RIZIKI: Akawadanganya, Salim.

(kimya)

SALIM: Fundi anatuonyesha vidole viwili. Dakika mbili.

RIZIKI: Na hayo mambo matatu?

SALIM: Wiki ijayo.

RIZIKI: Wiki jana ulisema hivyohivyo. Haya, kijana mwenyewe aliipenda?

SALIM: Alisinzia. Nikazima sauti, nikaanza kusimulia mimi. Akaamka.

RIZIKI: Kaamshwa na kelele zako.

SALIM: Kaniuliza kodi yenyewe ni pesa ngapi kwa mwezi.

RIZIKI: Hakuuliza chuma kinayeyukaje, kikasimama, kikatembea?

SALIM: Muda umekwisha, Riziki.

RIZIKI: Aliuliza au hakuuliza?

SALIM: Fundi, zima.