Fomeni wa Zamu ya Usiku

Mwangaluka! Shikamooni wazee wangu. Na wewe mama, mke wa mzee wetu, nakusalimu kwa heshima zote.

Nimeombwa nimzungumzie mzee kama nilivyomjua kazini, kwenye kiwanda cha nguo. Historia ya Mwanza huwa tunaianzia shambani: wakulima wa pamba wa Usukuma, kina Paul Bomani waliowaongoza kuunda ushirika, Shirikisho la Victoria la vyama vya ushirika mwaka 1955. Tukitoka hapo tunaruka moja kwa moja hadi kwenye sangara. Wale walioipokea ile pamba kiwandani wakaifuma nguo, nani anawataja?

Mzee alikuwa fomeni wa kufuma. Kama hujawahi kuingia kwenye chumba cha mashine zile za zamani, kelele zake sitaweza kukusimulia. Mwenzako anafungua mdomo hatua mbili kutoka ulipo na husikii kitu. Tuliongea kwa mikono. Kidole kikipita juu ya kiganja, uzi umekatika. Ngumi mbili zikigongana, fundi anahitajika. Mzee alipita taratibu, anaweka kiganja kwenye mashine moja baada ya nyingine, kisha anasimama. Ukimwona amesimama, ujue kuna nati imeanza kulegea.

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo iliyomtesa. Hewa ikikauka, uzi wa pamba unakuwa mkavu na kukatika ovyo. Kabla ya zamu aliamuru sakafu imwagiwe maji, halafu anakwenda kuwauliza wale wanaoupaka uzi wanga kabla ya kufumwa wameupika vipi, maana uzi usioshika wanga vizuri haustahimili msuguano.

Baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zikawa adimu na vipuri navyo vikakosekana. Mashine iliyokufa ikawa stoo ya zilizo hai. Hapo ndipo mzee alipoanza kaunta buku lake maarufu: gia imetoka mashine gani, imekwenda ipi, nani kaifunga. Kurasa za nyuma alizitengea watu. Fulani mkewe kajifungua, asipangiwe usiku. Fulani mtoto wake yuko hospitalini Bugando. Fulani ana deni la duka, msimwache bila ovataimu. Usimamizi wake wote, kwa maoni yangu, ulikuwa kwenye kurasa hizo. Ratiba iliyobandikwa ukutani ilitoka humo.

Nyumbani alirudi na masikio yaliyochoka. Alipaza sauti akiomba chumvi tu, mpaka majirani wapya wakadhani nyumba ile haina amani! Watoto wakajifunza lugha yetu ya mikono. Bintiye mkubwa alikuwa akimwambia chakula tayari kutoka upande wa pili wa uwanja, bila kufungua mdomo.

Mitumba ilipojaa sokoni, kiwanda kilianza kusuasua. Mzee akastaafu, akalima mpunga na dengu. Kijana wake alipopata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, akisimama kutwa kwenye baridi na mabuti yake ya mpira, mzee hakuuliza mshahara. Aliuliza: "Fomeni wenu anajua unakaa wapi?"

Lile kaunta buku analo mama. Amekubali lipigwe picha lihifadhiwe, isipokuwa kurasa za nyuma, kwa sababu baadhi ya wenye mambo yao wamekaa humu humu ukumbini.

Wabeja sana.