Tukague Utabiri wa Kimbunga, Tusiuhukumu kwa Maneno ya Mitaani

Ndugu zangu, jambo hili nimekwisha kulisema katika vikao vingi na nitaendelea kulisema: utabiri wa kimbunga haupimwi kwa kuuliza kama kimbunga kilikuja au hakikuja. Hupimwa kwa kuweka kila kilichotabiriwa kando ya kile ambacho setilaiti iliona saa ile ile na mahali pale pale.

Chukueni Kimbunga Jobo cha Aprili 2021. Kilijiunda kaskazini mashariki mwa Madagaska, kikaelekea magharibi, na wakazi wa pwani yetu wakatahadharishwa. Kisha kikadhoofika kingali baharini, na mitaani ikasemwa kwamba watabiri wamekosea. Wamekosea nini hasa: njia, saa, au nguvu? Kila swali lina jibu lake. Kwa upande wa njia, tunapima kilomita zilizopo kati ya kitovu kilichotabiriwa na kitovu kilichoonekana, baada ya saa 24, 48 na 72, kila muda peke yake, kwa maana kosa la kilomita 100 katika utabiri wa siku tatu halina uzito sawa na kosa hilo hilo katika utabiri wa siku moja. Nguvu ni hesabu nyingine kabisa. Jobo kilikuwa kimbunga kidogo, na kilikutana na hewa kavu pamoja na upepo wa juu usiokubaliana na ule wa chini. Katika picha za kimbunga kinachosumbuliwa hivyo, mawingu mazito husukumwa upande mmoja na kitovu hubaki wazi. Atazamaye picha hizo huuona udhaifu ukianza mapema, wakati barazani bado watu wanabishana.

Mtaniambia kwamba setilaiti nazo hukosea. Ni kweli, nami sitaki tuzisujudie. Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa iliyo juu ya Bahari ya Hindi, hutuletea picha kila dakika 15, lakini picha ya mawingu haipimi upepo. Nguvu hukadiriwa kutokana na umbo la mawingu kwa utaratibu alioubuni Vernon Dvorak, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, na wachambuzi wawili wanaweza kutofautiana. Kifaa cha ASCAT, rada iliyofungwa kwenye setilaiti nyingine, husoma upepo kutokana na jinsi uso wa bahari ulivyochafuka, ila hupita kwa ukanda tu, na upepo ukizidi sana husoma pungufu. Basi tuvitumie vyote pamoja na kuandika kiasi cha shaka, kwa sababu huko baharini hatuna vituo vya kupimia.

Kuhusu mvua nitasema kwa ufupi, muda unanibana. Mvua iliyotabiriwa Kilwa ikinyesha Mafia, ulinganisho wa nukta kwa nukta humtoza mtabiri makosa mawili kwa kosa moja: mvua iliyokosekana Kilwa, na mvua isiyotabiriwa Mafia. Basi tulinganishe maeneo. Mawimbi ya dhoruba tuyaache kwa leo.

Ninachoomba ni hiki. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, taarifa zilikuwa zikitolewa na kurekebishwa mfululizo. Kila taarifa ihifadhiwe kama ilivyotoka, na saa yake, bila kuguswa, kisha ilinganishwe na njia iliyochambuliwa upya na kituo cha kufuatilia vimbunga cha kisiwa cha La Réunion, na matokeo yatangazwe kwa wananchi kabla ya msimu unaofuata kuanza.