Maji ya Bibi na Choo cha Nje

NEEMA: Karibuni tena, tunazungumza nanyi kutoka Moshi. Leo tunaongea joto na wazee wetu, kwa sababu Januari hadi Machi, kabla masika hayajaanza, hali hapa mjini inatisha. Kaka Godlisten, watu wa mbali wakisikia Kilimanjaro wanawaza theluji tu.

GODLISTEN: Theluji iko kileleni, dada. Mjini tuko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, wakati Arusha wako karibu mita 1,400. Ukiteremka kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC, kwenye miwa, ndiyo kabisa. Sasa angalia tunavyofanya. Bibi ameishi maisha yake yote Kibosho au Machame, chini ya migomba, kwenye ubaridi. Umri ukienda, watoto wanamshusha mjini awe karibu na hospitali. Nia ni njema kabisa. Lakini anawekwa chumba cha bati kisicho na dari, huko Pasua au Njoro, na mchana kutwa bati linamshushia moto kichwani.

NEEMA: Na bado amevaa sweta.

GODLISTEN: Sweta, kofia ya sufu, na khanga juu yake! Watu wanadhani ni mazoea ya mlimani, lakini mwili nao una sababu zake. Mtu akizeeka, jasho hupungua, mwili unachelewa kuhisi joto, na kiu pia inachelewa. Mwili unakuwa umeshapungukiwa maji na yeye hana habari. Ukimuuliza, "Bibi, nikuletee maji?" anakuambia hapana, na anasema kweli.

NEEMA: Ndiyo maana maji ya mzee hayaombiwi ruhusa. Unampelekea kikombe kidogo, unakaa naye mpaka anywe, baadaye unarudi tena. Uji mwepesi unafaa, supu inafaa, tikitimaji linafaa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, haihesabiki, wazee wangu mnisamehe.

GODLISTEN: Mwenye moyo au figo mbovu amwulize daktari kiasi chake kwanza, maana wengine wamepunguziwa maji.

NEEMA: Sawa kabisa. Lakini mimi leo nataka tuongee choo.

GODLISTEN: Choo?

NEEMA: Choo, kaka. Wamama wengi wazee wanajinyima maji makusudi. Choo kiko nje, uani, usiku hakuna taa, sakafu inateleza, magoti yanauma. Kuanzia saa kumi jioni hagusi kikombe, ili asiamke usiku. Wengine hata mchana hawanywi, maana hawataki kumsumbua mkwe awashike mkono. Hiyo hesabu anaifanya kimyakimya, hakuambii. Unaweza kumhubiria maji mwaka mzima, asinywe.

GODLISTEN: Hapo umenigusa. Kwa hiyo tunaanzia huko.

NEEMA: Huko huko. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu, ndoo yenye mfuniko chini yake, kikakaa pembeni ya kitanda. Taa ndogo ya sola njiani. Kishikio ukutani. Na ndoo ile aimwage mtu bila kununa, kwa sababu bibi akiona umenuna mara moja tu, anarudi kwenye kujinyima.

GODLISTEN: Tusisahau dawa. Ziko dawa za presha zinazokojosha, kama Lasix, na kuna nyingine za magonjwa ya akili na za mzio zinazopunguza jasho. Usizikatishe mwenyewe, hiyo ni hatari nyingine. Msimu wa joto unapokaribia, beba dawa zote kwenye mfuko, nenda kliniki, uliza moja moja. Na insulini isikae kwenye chumba cha bati. Kama hakuna friji, iwekwe mahali pa baridi kuliko pote nyumbani, mbali na jua.

NEEMA: Na feni je? Watu wanamwachia feni wanaondoka.

GODLISTEN: Hewa ya chumbani ikishazidi joto la mwili, feni inampulizia hewa ya moto tu. Loanisha khanga, mpanguse mikono, shingo na miguu, ndipo feni ifanye kazi. Hata bila umeme, maji na kipepeo cha mkono vinapoza.

NEEMA: Kuna jambo la Chicago ambalo sijaacha kuliwaza. Julai 1995 joto liliua watu zaidi ya 700 pale, wengi wazee waliokuwa peke yao, na wengine walifunga madirisha kwa kuogopa wezi. Ufaransa, Agosti 2003, walikufa karibu 15,000. Hizo ni nchi zenye umeme na magari ya wagonjwa.

GODLISTEN: Na hapa kwetu mzee akifa mchana wa Februari, tunasema presha. Inaweza kuwa presha kweli, maana kwenye joto moyo unasukuma damu kwa nguvu kuipeleka kwenye ngozi ikapoe. Lakini joto halitajwi msibani.

NEEMA: Dalili ya kutisha ni ipi?

GODLISTEN: Kuchanganyikiwa. Jana alikuwa anaongea vizuri, leo mchana anakuita jina la marehemu kaka yake, mwili unawaka. Usiseme ni uzee. Mpeleke kivulini, mvue sweta, mmwagie maji, mpepee, vitambaa vya baridi shingoni na kwapani. Kama hana fahamu vizuri usimnyweshe kitu, atapaliwa. Tafuteni bajaji au gari, mkimbizeni hospitali, Mawenzi au KCMC, na mwendelee kumlowesha njiani.

NEEMA: Nina ombi kwa jumuiya zetu, za kanisani na za msikitini, na kwa mabalozi wa nyumba kumi. Wazee tunawatembelea jioni, kukishapoa. Januari hadi Machi twende saa nane mchana, kwa yule anayeshinda peke yake watoto wakiwa kazini. Mwenye ufunguo wa geti ajulikane.

GODLISTEN: Na anayekwenda abebe maji, asisubiri kupikiwa chai.